Kuustawisha Mgunga Shuleni: Mti wa Miiba na Dawa katika Ufundishaji wa Sayansi

Wanachuo wanaporudi kutoka katika mazoezi ya kufundisha hutuletea maandalio yao ya masomo ili tuyapitie pamoja. Katika mada ya mimea na mazingira, andalio lililo la kawaida kupita yote ni lile lenye kichwa "Faida za Miti". Mwalimu ataeleza kwamba miti hutupatia mbao, kuni, kivuli, matunda na dawa. Wanafunzi watanakili faida hizo. Mwisho wa kipindi watajibu maswali matano juu ya faida hizo hizo. Neno "dawa" aghalabu huwa la mwisho katika orodha, na mara likisha kuandikwa kengele hulia. Hatukatai kwamba kila neno katika orodha hiyo ni la kweli. Tunachouliza ni hiki: mtoto wa Kishapu au wa Meatu, ambaye amechunga mbuzi chini ya migunga tangu akiwa na umri wa miaka sita, amejifunza nini katika kipindi hicho ambacho hakukijua alipoamka asubuhi?

Makala hii inakusudia kupendekeza njia nyingine. Tunashauri kwamba mti mmoja ulio karibu na shule ufundishwe kwa kustawishwa, tangu ganda linapookotwa hadi mche unapomaliza kiangazi chake cha pili, na kwamba habari za dawa zifundishwe ndani ya kazi hiyo, wala si kando yake. Tumeuchagua mgunga kwa kuwa ni mti wa kwetu, wanafunzi wengi wa nchi kavu wanaujua, na mbegu yake ina ukaidi unaomlazimisha mwanafunzi kufikiri. Mbegu inayoota bila taabu haifundishi sana.

Mti tunaousema

Jina "mgunga" hutumiwa kwa miti mingi ya miiba, na hapa pana chanzo cha machafuko. Ule tunaousema ndio ulioitwa Acacia nilotica katika vitabu vingi vilivyomo mashuleni. Wamaasai huuita olkiloriti. Baada ya mikutano ya wataalamu wa mimea iliyofanyika Vienna mwaka 2005 na Melbourne mwaka 2011, jina Acacia liliachiwa hasa miti ya Australia, na mgunga wetu sasa huandikwa Vachellia nilotica. Mwalimu atakayekuta majina hayo mawili asidhani kwamba ni miti miwili. Darasani jina la kuanzia ni lile la mahali penyewe, na wanafunzi walitaje wao kwanza kabla ya mwalimu kuandika lolote ubaoni.

Hata hivyo jina peke yake halitoshi, kwa maana katika darasa moja watoto wawili wanaweza kutumia jina moja kwa miti tofauti. Ndiyo sababu somo la kwanza lifanyike nje. Mgunga huu una miiba iliyonyooka, yenye kukaa miwili miwili penye shina la jani. Maua yake ni vitufe vidogo vya njano. Gome la mti mkubwa ni jeusijeusi, lenye mipasuko mirefu. Ganda lake ni nene, halikujikunja, ukingo wake aghalabu umebonyea kidogo kati ya mbegu na mbegu, na likikauka hutoa harufu tamu. Mgunga mwingine unaofanana nao, ambao kilele chake hutanda kama mwavuli, una maganda yaliyojisokota; na kikwata kina miiba mifupi iliyopinda kama kucha za paka, ikikaa mitatu mitatu. Wanafunzi wakipewa matawi ya miti hii mitatu na kutakiwa kuyapanga bila kuambiwa lolote, watagundua tofauti hizo wenyewe kwa muda usiozidi nusu saa. Mwalimu awe na koleo na kitambaa kinene. Vidole vya watoto havikuumbwa kwa ajili ya vielelezo vyetu.

Miiba yenyewe ni somo kamili. Yafaa wanafunzi wapime urefu wa miiba katika matawi yanayofikiwa na mbuzi, kisha katika matawi ya juu yasiyofikiwa, na waandike vipimo vyao katika jedwali. Mara nyingi hukuta kwamba matawi yanayoliwa yana miiba mirefu zaidi. Hapo swali huja lenyewe, nalo ni bora kuliko maswali matano ya mwisho wa kipindi: mti umejuaje?

Mbegu kaidi

Ganda la mgunga halipasuki lenyewe. Huanguka likiwa limefumba, nalo hukaa chini hadi lioze, liliwe na wadudu au liokotwe na mnyama. Maganda yaokotwe wakati wa kiangazi, yaanikwe juani siku kadhaa, yatwangwe taratibu katika kinu, kisha yapepetwe kwa ungo. Kazi hii wanafunzi wanaijua kutoka nyumbani, wala haihitaji maelezo. Mbegu zenye vitobo vidogo zimekwisha kubunguliwa. Zitengwe, lakini zisitupwe kabla darasa halijazipasua na kumwona mdudu aliyemo au nafasi aliyoiacha. Ni vema kuokota maganda chini ya miti mingi iliyoachana, wala si chini ya mti mmoja, ili miche isiwe yote ya mama mmoja.

Sasa mwalimu akizipanda mbegu hizi kama apandavyo mahindi, atangoja sana. Chache zitachipua, nyingi zitalala. Gamba la mbegu ya mgunga ni gumu, wala halipitishi maji mpaka lipate mkwaruzo au joto. Tumesikia walimu wakisema kwamba miti ya porini haikubali kupandwa, na kwa sababu hiyo shule hujaa mikaratusi na mijohoro ambayo miche yake huletwa tayari. Hatuichukii miti hiyo. Lakini hoja ya kuichagua isiwe kwamba mgunga umekataa, ilhali mgunga haukuulizwa vizuri.

Swali hilo laweza kuulizwa na darasa zima kwa mbegu themanini na makopo manne. Katika kopo la kwanza zipandwe mbegu ishirini ambazo hazikufanyiwa lolote. Za kopo la pili zitiwe katika bakuli, zimiminiwe maji yaliyochemka na kuepuliwa motoni, ziachwe humo mpaka yapoe na zilale kwa saa 24. Maji na amwage mwalimu mwenyewe, na mbegu zisichemshwe juu ya moto, la sivyo zitaiva. Za kopo la tatu kila moja ikwaruzwe kwa msasa, au ikatwe kidogo kwa kikata kucha upande ulio mbali na kitovu chake, hadi sehemu ya ndani ionekane kwa shida. Mbegu za kopo la nne zitoke zizini mwa mbuzi.

Kopo hilo la nne ndilo tunaloliomba lisiachwe, hata kama mwalimu ataona haya kulitaja mbele ya mkaguzi. Watoto wa wafugaji wanajua kwamba migunga michanga huchipua kwa wingi mahali palipokuwa na zizi. Wanajua pia kwamba mbuzi akila maganda hutema mbegu nyingine wakati wa kucheua, na nyingine hutoka pamoja na kinyesi. Hayo ni maarifa, na ni maarifa ambayo mwalimu aliyekulia mjini huenda hana. Lakini kuyaheshimu si kuyapigia makofi na kupita. Ni kuyapima kwa kipimo kile kile tunachokipimia kitabu.

Kabla ya kupanda, kila mwanafunzi aandike katika daftari lake ni kopo lipi litakalotangulia, na kwa nini. Udongo uwe mmoja, kina kiwe kimoja, kiasi cha sentimita moja, maji yawe ya kipimo kimoja, na makopo yote yakae mahali pamoja. Kisha zihesabiwe mbegu zilizochipua, kila siku, kwa wiki tatu. Katika kazi hiyo somo la hisabati hupata asilimia zake na michoro yake bila kuazima mifano ya machungwa sokoni.

Kwa kawaida kopo la tatu huongoza, na la pili hulifuata kwa karibu. Habari ya kopo la nne haina hakika, na hapo ndipo ufundishaji unapotakiwa kuwa hodari. Pengine mbegu za zizini zitachipua vizuri kuliko zile zisizofanyiwa kitu; pengine hazitazidi. Darasa likishangaa, mwalimu asiharakishe kutoa jibu. Na aulize: mbegu zenye gamba laini, zilipopita tumboni mwa mbuzi, zilipatwa na nini? Wanafunzi wakifikiri watasema kwamba huenda hizo zilitafunwa au zikayeyushwa na hazikutoka kabisa, kwa hiyo tulizookota zizini ni zile zilizo ngumu kuliko zote. Wengine watasema kwamba zizini pana samadi na unyevu na kwato zinazokanyaga, hivyo huenda si tumbo la mbuzi linalofanya kazi bali zizi lenyewe. Fikira zote mbili zastahili majaribio mapya. Mwanachuo akitokea kubadili hesabu za kopo ili zifanane na alivyotarajia, basi amefundisha uongo kwa vielelezo, na hilo ni baya kuliko kufundisha kweli kwa ubao mtupu.

Kitalu, mzizi na vifundo

Kazi ya kitaluni haina mambo mengi mageni. Udongo wa viriba au wa makopo yaliyotobolewa chini uchanganywe na mchanga na samadi iliyooza. Kichanja cha kivuli kiwe chepesi, kipunguzwe kila wiki baada ya mbegu kuchipua, kwa kuwa mgunga ni mti wa jua. Mzizi mkuu hukimbilia chini upesi mno. Usipoangaliwa hutoboa kiriba na kuingia ardhini, na siku ya kuhamisha mche hukatika vibaya. Kwa hiyo viriba viinuliwe kila baada ya wiki mbili na mizizi iliyotokeza ikatwe. Wanafunzi wakimwagilia mno, miche hulegea. Majuma ya mwisho kabla ya kupanda maji yapunguzwe ili miche ikomae.

Lakini kuna jambo moja la kitaluni ambalo hatutalipita upesi. Baadhi ya viriba vijazwe mchanganyiko uliotiwa udongo uliochimbwa chini ya mgunga mkubwa, na vingine mchanganyiko wa mchanga wa mtoni usiokuwa na udongo huo. Baada ya miezi miwili hivi ung'olewe mche mmoja kutoka kila upande, mizizi ioshwe taratibu katika beseni la maji, na darasa litazame. Katika mizizi ya mche wa kwanza yatarajiwa kuonekana vifundo vidogo. Hivyo ni makao ya bakteria ambao huchukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza iwe chakula cha mmea, nao mti huwalipa kwa sukari. Kifundo kikipasuliwa kwa wembe, kikiwa ndani kina rangi ya waridi, bakteria wamo kazini. Kikiwa cheupe au cha kijani, hawafanyi kazi, ama bado ama wamekwisha. Rangi hiyo ya waridi hutokana na kitu cha jamii moja na kile kinachofanya damu yetu iwe nyekundu, na kazi yake pia ni kuchukua oksijeni. Hatujaona mwanafunzi aliyesahau jambo hilo baada ya kuliona kwa macho yake. Somo la mzunguko wa naitrojeni, ambalo wanafunzi wa sekondari hulikariri kwa mishale ubaoni, liko hapa katika kidole kimoja cha mzizi.

Dawa, na mipaka ya mwalimu

Sasa tufike kwenye neno lile la mwisho katika orodha. Gome, mizizi, maganda na utomvu wa mgunga hutumika katika tiba za jadi kwa watu wengi wa Afrika na Asia: kwa kikohozi, kwa kuharisha, kwa kusukutua fizi zenye maumivu. Wamaasai huchemsha magome au mizizi ya olkiloriti na kuitia katika supu ya nyama, na husema kwamba husaidia kuyeyusha chakula na kutia nguvu. Nchini Sudan maganda yake, yaitwayo garad, yametumika tangu zamani kulainishia ngozi. Matumizi haya mawili, la tiba na la ngozi, yana asili moja, nayo yaweza kuonyeshwa darasani.

Maganda yaliyookotwa yachemshwe katika sufuria ambayo haitapikiwa tena. Maji yake yakisha kupoa yagawanywe katika vikombe viwili, na katika kimoja utumbukizwe msumari wenye kutu. Kesho yake kikombe hicho kitakuwa na maji meusi kama wino. Tena, kipande cha ngozi mbichi ya mbuzi kikilazwa katika maji ya maganda, na kingine katika maji matupu, baada ya siku chache pua zitatoa hukumu kabla ya macho. Kitu kilichomo ni tanini. Hushikana na chuma ikawa wino. Hushikana na protini za ngozi zikaacha kuoza. Na ikigusa ngozi laini ya kinywa hukausha na kukaza. Mwanafunzi anaanza kuona kwa nini wazee walilitumia gome hili kwa fizi zinazovuja damu na kwa tumbo linaloharisha. Wazee hawakubahatisha. Waliona, wakajaribu, wakakumbuka.

Na hapo hapo mwalimu aweke mpaka, tena kwa maneno yaliyo wazi. Hakuna kuonja darasani. Mwalimu hatoi kipimo cha dawa, hata akiulizwa, kwa kuwa kuijua tanini si kuwa mganga, na gome lile lile laweza kudhuru likizidi. Mtoto anayeharisha hupoteza maji na chumvi. Kinachomwua ni upungufu huo, nacho hutibiwa kwa maji ya chumvi na sukari ya kurejesha maji mwilini pamoja na madini ya zinki, na kwa kupelekwa zahanati bila kuchelewa. Gome linaloukaza utumbo halirudishi maji yaliyokwisha kupotea. Twalisema hili kwa mkazo kwa sababu mtoto husikia shuleni nusu ya jambo na kulipeleka nyumbani likiwa zima. Akimwambia mama yake kwamba mwalimu amesema mgunga unatibu kuhara, na mama akangoja siku mbili, somo letu litakuwa limegharimu kitu kisicholipika.

Wako wenzetu watakaosema kwamba kwa hatari hiyo ni afadhali dawa za jadi zisitajwe kabisa. Hatukubaliani nao. Watoto hunyweshwa dawa hizo nyumbani, shule ipende isipende. Nchi yetu yenyewe haikuzitupa: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha kitengo cha utafiti wa dawa za asili pale Muhimbili mwaka 1974, nacho kikawa taasisi kamili mwaka 1991, na Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ilitungwa mwaka 2002. Kinachofaa ni kumwalika mganga wa jadi anayeaminika kijijini, pamoja na mhudumu wa zahanati, wakae mbele ya darasa siku moja. Wanafunzi waandae maswali. Shikamoo ya kwanza apewe aliye mkubwa kwa umri, wala si aliyevaa koti jeupe. Mganga asilazimishwe kutaja siri za kazi yake. Aulizwe namna anavyouchukua mti bila kuuua, na ugonjwa upi humfanya amwambie mgonjwa aende hospitali. Maswali hayo mawili hufundisha mengi.

Lile la kwanza lina sababu yake. Katika shule moja, mwanachuo aliwaagiza wanafunzi waje na vielelezo vya mimea ya dawa. Kesho yake karibu darasa zima lilikuja na magome ya mti ule ule uliosimama njiani kuelekea kisimani. Kila mmoja alibandua kidogo, na vidogo hivyo vikauzunguka mti mzima. Haukuiona mvua iliyofuata. Agizo lilikuwa la nia njema. Lakini ni wazi kwamba somo la gome halikuwa limetangulia: kwamba chakula kilichotengenezwa na majani hushuka kwenye mizizi kwa kupitia ndani ya gome, na gome likizungushwa kisu pande zote, mizizi hufa njaa hata kama majani yangali kijani kwa muda. Tunashauri kwamba mgunga wa shule ukipogolewa, magome yote ya kufundishia yatoke katika matawi yaliyokatwa. Na kama ni lazima kuchukua kutoka shinani, kiwe kipande chembamba cha upande mmoja tu, kwa kufuata urefu wa shina.

Kustawisha si kupanda tu

Katika Mkoa wa Shinyanga jambo hili lina historia ambayo kila mwanachuo wa nchi kavu angepaswa kuijua. Tangu miaka ya 1920, wakati wa utawala wa Waingereza, vichaka vingi vilifyekwa ili kumfukuza mbung'o. Baadaye mashamba ya pamba, mifugo na haja ya kuni vikaendeleza ufyekaji. Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, ujulikanao kama HASHI, uliodumu hadi 2004. Mwanzoni nguvu nyingi zilielekezwa kwenye vitalu na kugawa miche. Lakini wananchi walikuwa na desturi yao ya ngitili, yaani kutenga eneo la malisho lisiguswe wakati wa mvua ili nyasi zipatikane kiangazi. Ilipoonekana kwamba ndani ya ngitili visiki na mizizi iliyobaki ardhini huchipua yenyewe, migunga ikiwamo, mpango uliifuata desturi hiyo, na maelfu ya hekta yakarudiwa na miti. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipata tuzo ya kimataifa ya Equator.

Kwa hiyo shule yenye kiwanja kikubwa na maji kidogo isijione maskini. Kona moja izungushiwe uzio wa matawi ya miiba, isiingiwe na mbuzi wala fyekeo kwa mwaka mmoja, na wanafunzi wahesabu kinachochipua. Uzio wenyewe ni mazao ya mgunga. Katika siasa ya Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967 shamba la shule lilikusudiwa kuwa mahali pa kujifunzia. Mara nyingi likawa mahali pa kulima tu. Kona isiyolimwa huenda ikatimiza kusudi lile vizuri kuliko ekari tatu za alizeti.

Miche ya kitaluni ipandwe mara mvua zinaposhika barabara, katika mashimo ya sentimita 45 kila upande, kando ya mipaka ya shule. Isipandwe karibu na uwanja wa mpira wala njia ya watoto wanaotembea pekupeku. Mwaka wa kwanza adui mkubwa ni nyasi. Duara la mita moja kuuzunguka mche lipaliliwe. Adui wa pili ni mbuzi. Tumehudhuria siku nyingi za kupanda miti, zenye wageni na ngoma, na tunaweza kusema kwamba katika shule zetu tumeona mashimo mengi kuliko miti.

Somo la jiografia lina nafasi yake pia. Mgunga wa aina ya India ulipelekwa Queensland, Australia, mwishoni mwa karne ya 19, upate kuwapa kondoo kivuli na malisho. Ng'ombe walipoanza kuyala maganda walieneza mbegu kila walipokwenda, na leo umetapakaa katika mamilioni ya hekta za malisho na kuhesabiwa miongoni mwa magugu mabaya ya taifa hilo. Wanafunzi waliolitazama kopo la nne hawatahitaji kuelezwa jinsi ilivyotokea. Waulizwe badala yake kwa nini mti huo huo haukuifanya Shinyanga kuwa msitu wa miiba. Majibu yatakuwa mengi, na mengi yatakuwa na akili.

Jambo la mwisho ni la utaratibu. Mazoezi ya kufundisha huchukua majuma machache, ilhali mgunga huchukua miaka. Mwanachuo akianzisha kazi hii na kuondoka, miche huwa ya yatima. Kabla ya kuondoka na aache kwa mwalimu mwenyeji daftari lenye ukurasa kwa kila mche: mahali ulipotoka mbegu, njia iliyotumika kuiamsha, siku ya kuchipua, siku ya kupandwa, urefu wake kila mwisho wa muhula, na majina ya wanafunzi wawili wanaoutunza, mmoja wa darasa la tatu na mwingine wa darasa la tano, ili mkubwa akihitimu mdogo abaki. Safu moja iachwe kwa ajili ya miche iliyokufa, nayo iandikwe sababu: kiu, mbuzi, mchwa, fyekeo. Neno "haijulikani" likiandikwa humo, mche ung'olewe na mzizi wake utazamwe na darasa kabla ya shimo kufukiwa.